Msiba Usiokuwa na Moshi

Walimzika Gwakisa Mwaisumo bila mtu kukoka moto, na katika umati ule wote aliyeona ajabu alikuwa dada yake peke yake.

Tusekile alifika kutoka Mbeya mjini jeneza likiwa bado sebuleni. Alishuka kwenye gari, akasimama uani, akavuta pumzi, na akahisi kuna kitu kimeibwa. Huku Rungwe msiba unaunusa kabla hujausikia. Kuna moshi wa kuni mbichi unaochoma macho mpaka anayelia na asiyelia wanafanana. Kuna ndizi na nyama kwenye masufuria ya kuazima, na wanaume nyuma ya migomba wanachuna ng'ombe huku wakibishana kidari ni cha nani. Watu wanakula mpaka wanaona haya, halafu wanaongezewa, maana marehemu anaheshimiwa kwa sahani zilizojaa, na wafiwa wanahitaji nguvu za kulia tena kesho yake. Leo hewa ilikuwa safi kama ya wodini. Alizunguka nyuma ya nyumba. Mafiga yalikuwepo, yale yale aliyopikia tangu utotoni, na katikati yake nyasi zilikuwa zimeota.

"Mama, watu watakula nini?" alimuuliza mama yake, Anyisile, aliyekuwa amekaa mkekani karibu na jeneza.

Mama yake alimtazama kana kwamba ameulizwa habari za mwezini. "Nani ana njaa?"

Hakuna aliyekuwa na njaa. Hilo ndilo lililomtia Tusekile wazimu. Mashangazi zake walikaa wametulia, kanga zimewazunguka mara mbili, mifupa ya mashavu imewatoka, wanaimba nyimbo za kanisani kwa sauti nyembamba. Hakuna aliyechungulia nyuma ya nyumba. Hakuna mzee aliyenung'unika kwamba chai imechelewa. Kisha mwenyekiti wa kamati ya msiba akaja na ungo mikononi, akipita kati ya watu kwa adabu, na juu ya ungo ule vilikuwa vimetandazwa vidonge vyeupe.

"Kampuni imetuma rambirambi," alitangaza. "Makopo ya Karamu. Kila mtu kimoja, wageni wa mbali viwili. Ndaga sana kwa Kampuni."

"Ndaga," watu wakaitikia, wakishukuru.

Tusekile hakuhitaji kusoma lebo ya kopo. Molekuli ile alikuwa ameichora yeye, kaboni kwa kaboni, kwenye maabara ya kampuni hiyo hiyo.

"Kaka yangu alikuwa amebaki na kilo ngapi?" aliuliza. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, na nyimbo zikakatika.

"Amekufa vizuri, mwanangu," mwenyekiti alimjibu kwa upole. "Hakusumbua mtu. Alianguka kati ya mistari ya chai, kikapu kikiwa mgongoni. Mpaka siku ya mwisho ukimuuliza anakwambia, nimeshiba."

Tusekile akaupiga ungo kwa mkono kutoka chini, kama mtu anayepiga mpira wa wavu, na vidonge vikaruka juu vikamwagika ua mzima. Alitaka mtu amfokee. Alitaka wajomba zake wamshike mabega na kumtoa nje kwa aibu, kama inavyompasa mtu anayeharibu msiba. Hakuna aliyemfokea. Walipiga magoti tu, watu wazima na nguo zao za msiba, wakaanza kuokota vidonge vumbini, wakivipuliza kimoja kimoja na kuvirudisha kwenye ungo.

Jeneza lilibebwa na wanaume wanne kwa sababu ndiyo desturi. Wawili wangetosha, na hata hao wasingetoka jasho.

*

Hasira yake alirudi nayo kazini nzima nzima, wala hakutaka ipungue.

Karamu haikutengenezwa kwa ajili ya wachuma chai. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa mijini ambao maini yao yamejaa mafuta na midomo yao haijui kupumzika, na kazi yake ilikuwa kuudanganya utumbo. Mtu akila, nyongo humwagika tumboni. Ndani ya seli za utumbo kuna protini inayoingoja, mojawapo ya vipokezi vya kiini, vinavyoitwa hivyo kwa sababu kazi yao hufanyika ndani kabisa, kwenye kiini cha seli, juu ya jeni zenyewe. Kipokezi hicho kina mfuko. Nyongo ikiingia mfukoni, kifuniko kinajifunga juu yake, na kipokezi kilichofungwa kinaziamuru jeni ziutangazie mwili kwamba chakula kimefika. Tusekile alikuwa ameotesha fuwele za protini ile, akazipiga eksirei, akausoma mfuko kona kwa kona, kisha akachora molekuli inayoukalia vizuri kuliko nyongo yenyewe. Mwili ukatangaziwa karamu isiyokuwepo. Mgonjwa angepewa kwa wiki chache, daktari akiwa anampima.

Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Ukame ulipoingia na usitoke, Kilimachai, kampuni yenye mashamba na yenye maabara, iligundua kwamba mchuma chai aliyemeza kidonge asubuhi haulizi habari za chakula cha mchana. Ugali na maharage ya saa saba yakafutwa. Mahindi yaliyokuwa ya wafanyakazi yakabaki kwenye ghala la kampuni, pale pale kijijini, yakingoja bei ipande. Kila mtu alijua yako pale. Hakuna aliyekuwa na tumbo la kumfanya akasirike.

Mkuu wa maabara, Daktari Chengula, alikuwa mtu laini anayemwita kila mmoja mpendwa, hata akiwa anamfukuza kazi.

"Pole sana na msiba, mpendwa," alimwambia Tusekile, akimvutia kiti. "Na tunashukuru umerudi mapema, maana kuna kazi ya heri. Uji wa shule."

"Umefanyaje?"

"Unaondoka. Vijiji vimekubali. Kampuni itatoa Karamu ya watoto bure, shule zote za jirani na mashamba. Shida ni kwamba watoto wanakitapika kidonge cha wakubwa, na kikikaa hakidumu. Tunataka kinachong'ang'ania. Mtoto ameze kimoja, wiki nzima hana habari."

Tusekile alihisi meno yake yakisagana. "Mtoto anakua, Daktari. Anakua kwa chakula. Sasa atakua kwa kutangaziwa?"

"Vitamini tumeweka."

"Vitamini mmeweka."

"Na ladha ya embe." Chengula alitabasamu, halafu akaona uso wa mwenzake, akaliacha tabasamu lipotee taratibu. "Sikulazimishi. Una majonzi. Ukikataa, vijana wataupa mtambo kazi, na kesho jioni tutakuwa na molekuli."

Hapo ndipo alipomkamata, na bila shaka alijua. Mtambo wa kubashiri maumbo ulikuwa na haraka na haukuwa na mashaka. Ulifunzwa kwa picha za protini zilizokusanywa dunia nzima, na watu wa fani hii wanapenda protini iliyotulia, iliyojifunga, kwa sababu ndiyo inayotoa fuwele za kupendeza. Kwa hiyo kipokezi kile mtambo ulikijua kikiwa kimefungwa tu. Ukiuambia tafuta kinachong'ang'ania, ungetafuta kitakachokaa humo kisitoke kamwe. Mtoto wa darasa la kwanza angeingia darasani Jumatatu na asingeijua njaa tena maisha yake yote. Tusekile akiifanya kazi mwenyewe, angalau angeipa molekuli njia ya kutokea. Akikataa, angebaki na mikono misafi, na watoto wangebaki na kidonge cha mtambo. Alijikuta akiichukia ile mikono misafi kuliko alivyomchukia Chengula.

"Nitaifanya mimi," alisema.

"Nilijua, mpendwa." Chengula akampigapiga begani. Tusekile alitamani kuung'ata ule mkono.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, na hilo nalo lilimuudhi. Molekuli ilihitaji mkia mfupi tu, wa kushika ukuta wa mfuko. Lakini ukiuongeza mkia huo, molekuli huzaliwa kwa jozi, kama kandambili, moja ya kulia na moja ya kushoto. Vitu vyote ni vile vile, ila ya kulia haivaliki mguu wa kushoto. Mtambo wa kusanisi, ule unaounda molekuli zenyewe, ulitoa zote mbili zimechanganyika, na safu ya kuchujia ikazitenga. Za kulia zilishika ukuta, kifuniko kikajifunga vizuri, na wiki ikiisha zikaachia kama Tusekile alivyopanga.

"Basi za kulia ndizo zetu," Chengula alisema. "Za kushoto ni takataka. Zichomwe."

Tusekile alikuwa na fuwele moja mbaya. Aliiotesha zamani akiwa mwanafunzi, ikatoka imepinda, na kila aliyeiona alimwambia aitupe, maana kipokezi ndani yake kilikuwa kimeganda kifuniko kikiwa nusu wazi. Hakuitupa kwa sababu ya ukaidi tu. Sasa alilifungua umbo lile kwenye skrini, akaiweka ndani yake molekuli ya kushoto, na akaona mkia wake unavyotokeza pale pale kifuniko kinapotakiwa kutua. Ilikuwa kama mguu wa mtu aliyeuchomeka mlangoni. Kifuniko kisingefungwa. Na kipokezi kisichofungwa hakitangazi chochote, hata mwili uwe umejaa Karamu. Cha kushoto kingeisukuma Karamu nje, kikae pale, na mwili uambiwe ukweli.

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishini, kicheko kibaya kilichomfanya kijana wa meza ya pili ageuke. Takataka ya Chengula ilikuwa ni njaa.

*

Alijijaribu mwenyewe kwanza. Alimeza Karamu siku kadhaa mfululizo, mpaka sahani ya wali na samaki mezani ikawa ni kitu tu, kama kitasa au pasi. Jambo lililomtisha ni jinsi ilivyokuwa raha. Hakuwaza sokoni pana nini. Hakuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Hata hasira yake ilianza kulegea pembeni, na hapo ndipo alipoelewa kwa nini ndugu zake waliokota vidonge vumbini badala ya kumpiga makofi.

Kisha akameza cha kushoto. Kabla hajamaliza kuiosha glasi, njaa ilirudi kama mwenye nyumba aliyekuta wapangaji wamebadilisha kufuli. Alikula wali wa baridi kwa mikono kutoka kwenye sufuria, akala karanga mbichi, akala mkate mkavu wa juzi, machozi yakimtiririka, na kila tonge lilikuwa tamu mpaka akalitukana. Aliposhiba, shibe ya kweli, alikaa chini jikoni akamwaza Gwakisa, na hasira yake ikamrudia yote, afya tele.

Zile takataka hakuzichoma. Alizikandamiza ziwe vidonge vya waridi vyenye ladha ya embe, ndugu mapacha wa vile vya shule. Lori la kampuni lilipakia maboksi ya kulia likateremka Rungwe. Boksi la kushoto lilikaa kwenye buti la gari lake.

*

"Nipe ufunguo wa stoo ya shule, Mama."

Ilikuwa Jumapili mchana, watu wametoka kanisani. Anyisile ndiye aliyekuwa mpishi wa uji wa shule miaka yote, na ingawa uji ulikuwa umefutwa, hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya ufunguo. Ulining'inia shingoni mwake kwa uzi, juu ya kitenge cha msiba.

"Wa nini?"

Tusekile alimweleza bila kuzungukazunguka. Maboksi ya kampuni yako ndani ya stoo. Angeyatoa, angeweka lake. Kesho asubuhi watoto wangepanga mstari na kumeza, na kabla ya mapumziko shule nzima ingekuwa inalia njaa. Wazazi wangesikia. Wangeamka.

Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Wazazi wao umewauliza?"

"Kampuni iliwauliza?"

"Nakuuliza wewe. Kampuni sikuizaa."

"Mama, wakiulizwa watakataa! Wamelewa shibe ya uongo, hawana hata uwezo wa kukasirika. Mimi nimekimeza, nakijua. Mtu akiwa ndani ya Karamu unaweza kumzika akiwa hai na atakushukuru."

"Na njaa unaijua?" Anyisile alisema. Hakupaza sauti. "Njaa wewe umeisoma. Kabla yako nilikuwa na mtoto, Lwitiko, unamjua kwa jina tu. Alifia mgongoni mwangu. Alikuwa anataka chakula na mimi sina, akalia mpaka sauti ikamwisha, halafu akawa anafungua mdomo tu. Bado namsikia nikiosha vyombo. Gwakisa wangu amekufa kimya, amelala kama mtu aliyetoka harusini. Haya, msomi. Niambie ipi afadhali, nikupe ufunguo."

Tusekile aliutazama ule ufunguo. Hasira ilikuwepo, imejaa tele, ila haikuwa na pa kwenda. Mbele yake hakukuwa na Chengula, kulikuwa na mama yake. "Hakuna iliyo afadhali," alisema mwishowe. "Wote wawili waliuawa."

"Hilo silo nililouliza."

"Mama, niruhusu nijibu mimi."

Mjane wa Gwakisa, Bupe, alikuwa amesimama mlangoni, na hawakujua amesikia kuanzia wapi. Mgongoni alimbeba binti yake, Atuganile, mtoto wa darasa la kwanza, mkubwa wa kutosha kutembea lakini mwepesi wa kutosha kubebwa siku nzima.

"Nililala naye kitanda kimoja," Bupe alisema. "Mbavu zake zilikuwa zinanichoma. Nikimuuliza, ananiambia nimeshiba, mke wangu. Nikamwamini, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeshiba. Angelia, Mama, ningesikia. Angelia hata siku moja ningeng'oa mabati ya nyumba hii nikayauza. Ningeenda kwenye lile ghala na panga. Lwitiko alilia, ukajua anakufa. Mimi mume wangu alikufa pembeni yangu nikiwa nasinzia. Wewe ulipigana ukashindwa. Mimi waliniibia hata hilo pigano!"

Alikuwa anapiga kelele sasa, mtoto mgongoni akimtazama bila wasiwasi wowote. Anyisile alishika ufunguo wake, akauachia.

"Na huyu nimekuwa nikimpa nusu ya vidonge vyangu," Bupe aliendelea, sauti ikishuka. "Vingine anatapika, vingine vinakaa. Nilifikiri namsaidia. Nguo za mwaka juzi bado zinamtosha, wifi. Mwaka juzi!" Alimfungua mtoto, akamkalisha mkekani. "Hicho kidonge chako kinaua?"

"Nimekimeza mimi mwenyewe."

"Wewe ulikuwa na wali jikoni."

Tusekile aliinamisha kichwa. Ilikuwa kweli, na ilimuuma zaidi ya yote aliyoambiwa siku ile. "Ndiyo. Ndiyo maana hatumpi ugali. Mwili uliokauka ukijazwa ghafla, moyo unaweza kusimama. Nimekuja na unga kidogo na maziwa. Uji mwepesi, vijiko vichache, tunapumzika, tunarudia. Na sitaki kukudanganya, wifi. Itamuuma. Na kama unga ukiisha, itaendelea kumuuma."

"Ukiisha nitajua la kufanya," Bupe alisema. "Mpe. Wa kwangu mpe. Wa watu, waulize wenyewe."

*

Atuganile alikimeza kile cha waridi, akasema kinanukia embe, akaendelea kuchezea pindo la mkeka. Wanawake watatu walimkodolea macho. Nje kuku mmoja alikuwa anaparua kwenye mafiga. Mtoto alipiga miayo. Kisha akaacha kuchezea mkeka na kuweka kiganja tumboni, kama mtu anayesikiliza mlango.

"Bibi," alisema. "Kuna kitu ndani."

"Kitu gani, mama?"

"Sijui. Kinavuta." Uso wake ulianza kukunjamana. Alimtazama bibi yake, akamtazama mama yake, akauona mfuko wa unga kando ya mkoba wa shangazi yake, na macho yakamtoka. "Bibi, nina njaa."

Kisha akalia. Haikuwa sauti kubwa, maana hakuwa na mwili wa kuitolea, lakini ilikuwa ni sauti iliyokuwa haijasikika kijijini pale tangu vidonge viingie, na ilikata ukuta wa matofali ikatoka nje.

Anyisile alikuwa ameshasimama. Watoto wa shule nzima walikuwa wamepita mbele ya upawa wake kwa miaka, na miguu yake ilijua pa kwenda kabla kichwa hakijaamua. Alipekua kabati akitafuta kiberiti na hakukiona. Alimtuma Bupe kwa jirani, na jirani naye hakuwa nacho; nani angekitumia? Mwishowe kilipatikana kiberiti cha gesi cha mzee wa kanisa, kile cha kuwashia mishumaa ya msibani. Aling'oa nyasi kati ya mafiga kwa mikono, kwa hasira, akizitupa nyuma bila kutazama, akapanga kuni, akawasha. Moshi ulipomwingia machoni alisimama akiupokea, wala hakugeuza uso.

Walimlisha mtoto kijiko kwa kijiko. Kila wakipumzika alilia, na kila akilia mlango mwingine ulifunguliwa. Wanawake walikuja mmoja mmoja mpaka ua ukajaa, wakiuliza mtoto ana nini, ameungua? Ameumwa na nyuki?

"Ana njaa," Anyisile aliwaambia.

Alisimama mbele yao na boksi la waridi mikononi, akawaeleza yeye mwenyewe, maana binti yake angewagombeza. Aliwaambia ni kitu gani, kinafanya nini, kinauma namna gani. Aliwaambia ndani ya nyumba hii unga hautoshi hata kwa huyu mmoja. Hakumficha mtu kitu. Wengine waligeuka wakarudi makwao na kufunga milango, na Tusekile, aliyetaka kuwafuata na kuwapigia kelele, alishikwa mkono na Bupe akabaki palepale. Wengine walisimama wakimtazama Atuganile akilia na uji mdomoni. Shangazi mmoja, yule aliyeimba kwa sauti nyembamba kuliko wote, alinyoosha kiganja. Halafu mwingine.

Haikupita muda mrefu ua ukabadilika. Mtu alianza kulaani kwa sauti ya chini. Mwingine aliketi ghafla akishika tumbo. Shangazi wa sauti nyembamba alimlilia Gwakisa upya, kwa sauti nzito ambayo Tusekile alikuwa ameisahau, kana kwamba habari za kifo zimefika sasa hivi. Na macho yote, bila mtu kuelekeza, yalikuwa yanaangalia upande mmoja, kule bonde linakoishia na bati refu la ghala linakong'aa.

Anyisile alivua ufunguo shingoni.

"Stoo naenda," alimwambia binti yake. "Siendi kubadilisha vidonge. Naenda kuchukua sufuria langu."

Lilikuwa sufuria la uji wa shule nzima, na walilibeba wanawake kwa zamu, wengine nyuma na kuni, wengine na ndoo za maji, Bupe na mtoto aliyekuwa bado analia. Tusekile alibeba kifuani figa lililopozwa kwa maji, na gauni lake zuri la mjini likajaa masizi. Walilitua sufuria mbele ya geti la ghala, katikati ya njia ya malori. Wakapanga mafiga. Wakawasha.

Mlinzi alitoka kwenye kibanda chake. Alikuwa kijana wa pale pale kijijini, amemeza Karamu yake asubuhi, na uso wake ulikuwa mtulivu kabisa.

"Shikamoo Mama Anyisile. Kuna nini?"

"Marahaba. Tuna msiba."

"Msiba wa nani tena?"

"Wa Gwakisa."

"Si tulishamzika, Mama? Mimi mwenyewe nilibeba jeneza."

"Tulimzika," Anyisile alisema. "Hatujala."

Moshi ulipanda mzito, wa kuni mbichi, ukapita juu ya ukuta, na huko ofisini mtu akafungua dirisha, akanusa, akalifunga haraka. Maji yalianza kuchemka. Ndani ya sufuria hakukuwa na kitu kingine. Anyisile aliyakoroga hivyo hivyo, polepole, kwa mwiko mrefu wa shule, na wanawake wakajipanga nyuma yake mstari mmoja, sahani tupu mikononi, kama watoto wanavyojipanga.

"Fungua geti, mwanangu," alimwambia mlinzi. "Maji yangu yanapungua."